Mwanangu, Risiva Ije Mwisho

Mwanangu,

Umeniuliza ununue risiva gani ya sebuleni, itakayoupiga muziki vizuri na ambayo haitaziangusha filamu. Umesema dukani wamekuonyesha moja ya chaneli saba na nyingine ya chaneli tisa, na muuzaji anakuhimiza uchukue ile kubwa kabla haijaisha. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Wengi hunijia wakiwa wamekwisha kulipa, na hapo fundi hubaki na pole tu ya kuwapa.

Ninayo nasaha moja, na mengine yote nitakayokuandikia ni matawi yake: risiva ije mwisho. Tangulia kujua utasikiliza nini. Kisha kijue chumba chako. Kisha chagua spika. Ukimaliza hayo matatu, risiva itakuwa imekwisha kujichagua. Ukianza na risiva, utalipia vitu usivyovihitaji na utakikosa kile kilichokupeleka dukani.

La kwanza, basi, jua utasikiliza nini. Muziki na filamu havidai kitu kimoja.

Karibu muziki wote tuupendao ulirekodiwa kwa chaneli mbili au moja. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, chaneli ilikuwa moja tu. Stereo ilikuwa bado haijazaliwa: Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya njia yake mwaka 1931, na santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Tangu hapo mpaka leo, taarabu ya Culture Musical Club ya Unguja, rumba ya Franco na TPOK Jazz, na Bongo Fleva unayoisikiliza katika simu, kwa sehemu kubwa ni kushoto na kulia, basi. Spika mbili nzuri zilizokaa mahali pake zinatosha kukuletea kikundi kizima: mwimbaji katikati, fidla upande huu, ganuni upande ule, na dumbaki ikisikika nyuma yao. Hicho ndicho muziki unachoomba. Haukuombi spika ya tatu.

Filamu ni habari nyingine. Mwaka 1992 Dolby Digital iliingia kumbi za sinema na filamu ya Batman Returns, na mwaka uliofuata DTS ikaja na Jurassic Park. Sauti ikagawanywa katika njia sita: mbele kushoto, katikati na kulia, pembeni kushoto na kulia, na ya sita kwa ngurumo na mitetemo peke yake. Hiyo ndiyo 5.1 unayoiona kwenye maboksi, na ile 1 ni ya sabufa. Ukiona 7.1, zimeongezwa spika mbili za nyuma. Mwaka 2012 ikaja Dolby Atmos na filamu ya Brave, na miaka miwili baadaye ikafika majumbani. Hiyo inataka na spika za juu. Kwa hiyo 5.1.2 maana yake ni tano za kukuzunguka, sabufa moja, na mbili za darini.

Jipime kwa ukweli. Katika jioni za wiki yako, ngapi ni za muziki, ngapi za filamu, ngapi za mpira na taarifa ya habari? Kama muziki umezidi, fedha yako nyingi iende kwenye spika mbili za mbele, na usione haya kuchukua amplifaya ya stereo yenye tundu la HDMI la kupokea sauti ya runinga, ukaiacha risiva kabisa. Kama filamu zimezidi, jua kwamba spika ya katikati ndiyo inayobeba karibu mazungumzo yote. Spika hiyo ikiwa dhaifu, utatumia jioni zako ukipandisha sauti ili usikie maneno na kuishusha gari linapolipuka.

La pili, kijue chumba chako. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha bila kujua imekwenda wapi. Nyumba zetu nyingi za mijini zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae, madirisha makubwa ya kioo, na dari ngumu. Vyote hivyo huirudisha sauti. Simama katikati ya sebule, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka kama uzi wa chuma baada ya kofi kwisha, hakuna risiva ya bei yoyote itakayokupa maneno safi humo. Weka zulia zito kati ya sofa na spika. Tundika mapazia mazito yenye marinda. Sogeza kabati la vitabu kwenye ukuta mtupu. Sofa la kitambaa humeza sauti kuliko la ngozi. Gharama ya mambo haya ni ndogo ukilinganisha na risiva, na faida yake utaisikia siku hiyo hiyo.

Pima na urefu wa chumba. Besi ina tabia ya kujazana katika masafa yanayolingana na vipimo vya kuta. Chumba cha mita 4 huivimbisha noti ya hezi 43 hivi. Na kikiwa cha mraba, mita 4 kwa 4, uvimbe huo huja kutoka pande mbili kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anaweza kununua sabufa ya bei kubwa akapata mvumo wa noti moja tu, na gitaa la besi la dansi likapotea ndani yake. Dawa yake ni mahali pa kuiweka. Iweke sabufa kwenye kiti unachokalia wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama, kichwa kikiwa usawa wa sabufa. Utafika mahali ambapo noti zote zinasikika sawa, hakuna iliyovimba wala iliyopotea. Hapo ndipo pa kuiweka. Watakaokuona watashangaa; wewe endelea.

Tazama na sofa lako liko wapi. Kama limegusa ukuta wa nyuma, spika za nyuma za 7.1 hazina pa kukaa, na ile risiva ya chaneli tisa imekwisha kukuzidi kabla hujaiwasha. Tazama na dari. Ziko spika za Atmos zinazokaa juu ya zile za mbele na kurusha sauti juu ili iakisike darini na kukushukia. Hizo zinataka dari ngumu iliyo bapa na isiyokwenda juu mno. Nyumba ya makuti, au yenye paa la mteremko lisilo na dari, au yenye jipsamu ya ngazi ngazi, haziifai. Mwenye nyumba ya namna hiyo aifurahie 5.1 iliyowekwa vizuri, asijione amepungukiwa.

La tatu, chagua spika. Sauti unayoisikia inatengenezwa na spika na chumba. Risiva nzuri kazi yake ni kutoiharibu. Weka spika mbovu kwenye risiva ya bei kubwa, utasikia ubovu. Weka spika nzuri kwenye risiva ya kawaida, utasikia uzuri. Kwa hiyo katika kila shilingi kumi ulizotenga, sita ziende kwenye spika na sabufa, tatu kwenye risiva, na moja kwenye waya na kinga ya umeme. Wauzaji wengi watakugeuzia hesabu hiyo. Usikubali.

Soma mambo mawili nyuma ya spika au kwenye karatasi yake. Kwanza omu. Spika ya omu 8 au 6 ni rahisi kuendeshwa na risiva yoyote. Ya omu 4 huitaka risiva itoe mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na risiva ndogo huchemka ikakata. Pili desibeli, yaani spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja na kuisikiliza kwa umbali wa mita moja. Nyingi za nyumbani ziko kati ya 85 na 90. Usiidharau tofauti hiyo: spika ya 90 inatoa sauti ile ile ya spika ya 87 kwa nusu ya wati.

Spika tatu za mbele zitoke familia moja ya kampuni moja. Mtu anapotembea kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, sauti yake isibadilike njiani. Za pembeni zinaweza kuwa ndogo na za bei ya chini.

Jihadhari na zile hom thieta za boksi moja, zenye deki ya DVD na spika tano nyembamba ndani ya katoni. Spika zake nyingi ni za omu 3, na plagi zake ni za peke yake. Deki ikifa, na huwa inatangulia kufa, spika hizo huwezi kuzihamishia kwenye risiva ya kawaida kwa usalama. Umenunua kitu kisichokua. Mimi nataka ununue kitu utakachokiongezea, kila mwaka kipande.

Usiusahau waya. Nunua waya wa shaba halisi, wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali mfupi na 2.5 kwa mrefu. Siku hizi upo waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani, mrudishie mwenyewe. Huhitaji waya wa bei ya ajabu. Unachohitaji ni chanya kwenda kwenye chanya na hasi kwenye hasi, kwa kila spika. Ukigeuza moja, spika mbili zitasukumana, besi itapotea na mwimbaji hatakaa katikati. Nimewaona watu wakiuza spika nzuri kwa hasara, kumbe tatizo lilikuwa nyaya mbili tu zilizogeuzwa.

La nne, sasa, ndiyo risiva. Umeona imechelewa kufika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Anza na wati, maana ndizo zinazowapotosha wengi. Boksi la mfumo wa bei nafuu huandikwa wati 1,000, na zile zenye herufi PMPO huandikwa hata zaidi. Namba hiyo haina kipimo ambacho watu wa fani wamekubaliana nacho. Geuza kifaa, soma kibao cha nyuma kinachosema kinakula umeme kiasi gani. Ukikuta wati 90, ujue hakiwezi kutoa mfululizo kile ambacho hakikuingia. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hata katika risiva za kweli, wati 100 za kampuni hii si lazima ziwe wati 100 za ile. Soma maandishi madogo. Ukikuta imeandikwa omu 8, hezi 20 hadi 20,000, chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, na upotofu wa sauti wa asilimia 0.08, hicho ni kipimo cha muungwana. Ukikuta omu 6, hezi 1,000, chaneli moja, upotofu asilimia 10, namba hiyo imevutwa. Marekani iliuona mchezo huu mapema, na mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ikaweka kanuni ya namna nguvu ya amplifaya inavyotakiwa kutangazwa.

Wala usizifukuzie wati nyingi. Ukitoka 50 kwenda 100 umeongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lako lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Tofauti ya risiva ya wati 80 na ya wati 100 haifiki desibeli moja, lakini dukani tofauti ya bei yake inaweza kukutoa jasho. Kwa sebule ya kawaida na spika zisizo ngumu kuendesha, wati 50 hadi 80 za ukweli zinakutosha na kubaki.

Upande wa picha, ifahamu siri hii: ndani ya risiva mna vitu viwili visivyozeeka pamoja. Amplifaya huishi miaka mingi. Sehemu ya HDMI hupitwa na wakati upesi. HDMI ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2002. Toleo la 1.4, lililoleta njia ya ARC ya kurudisha sauti kutoka kwenye runinga, lilitoka 2009, la 2.0 likaja 2013, na la 2.1 mwaka 2017. Risiva ya kabla ya 2.0 haitaipitisha picha ya 4K ya leo ipasavyo. Lakini haina haja ya kuipitisha! Chomeka king'amuzi, deki na mashine ya michezo moja kwa moja kwenye runinga, kisha uirudishe sauti kwenye risiva kwa ARC, au kwa eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, kama vifaa vyote viwili vinayo. Sauti ya Atmos inayotoka kwenye huduma za filamu za intaneti hupita hata katika ARC ya kawaida, mradi runinga na risiva vinaifahamu. Ile nzito ya diski za Blu-ray ndiyo inayohitaji eARC. Waya wa mwanga nao unafaa, ila mwisho wake ni 5.1 iliyobanwa. Ukiyajua haya, hutababaishwa na muuzaji anayesema risiva ya miaka michache iliyopita imekufa.

Hesabu ya chaneli nayo ni nyepesi ukishakijua chumba. Sofa ukutani: chaneli tano zinatosha. Risiva ya chaneli saba ni chaguo zuri kwa wengi, kwa sababu mbili za ziada unaweza kuzipeleka darini baadaye, au kuzitumia kwa spika za barazani ambako wageni wanakaa jioni. Tisa na zaidi ni za mwenye chumba kikubwa ambaye tayari anajua kila spika itakaa wapi.

Kitu ninachokisisitiza kuliko chaneli ni kipaza sauti cha kupimia chumba. Denon na Marantz hutumia Audyssey, Yamaha hutumia YPAO, Pioneer MCACC, na baadhi ya Onkyo na nyinginezo hutumia Dirac Live. Risiva hutoa milio kwa kila spika, ikasikiliza jinsi chumba chako kinavyoijibu, kisha ikarekebisha umbali, kiwango na hata uvimbe wa besi. Fanya kazi hiyo nyumba ikiwa kimya: zima feni, zima friji kwa muda, na uwaombe watoto watoke. Kipaza kikae usawa wa masikio, juu ya kigoda au tripodi, si juu ya mgongo wa sofa. Ikimaliza, ingia kwenye mipangilio utazame imeamua nini. Kama imeziita spika zako za mbele kubwa, zibadilishe ziwe ndogo na uweke mpaka kwenye hezi 80, ili besi nzito iende kwenye sabufa na spika zipumue. Kisha, ukisikiliza muziki, chagua stereo. Zile hali zenye majina ya kumbi na viwanja ziache. Hutia mwangwi mahali ambapo mrekodi hakuuweka.

Ukiona matundu ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya ya nje, hiyo ni neema. Siku utakapopata spika nzito zaidi, utaongeza amplifaya bila kuitupa risiva.

La tano, mwendo wa dukani. Nenda na nyimbo unazozijua kwa moyo. Chukua wimbo mmoja wa dansi wenye gitaa la solo, la pili na la rithimu, ufuatilie lile la pili tangu mwanzo mpaka mwisho. Mfumo mbaya utalizamisha katikati ya wenzake. Chukua taarabu moja yenye udi, usikilize kama kidole kinasikika kikigusa uzi. Chukua sauti ya mtu peke yake, kisomo au kaswida, maana sikio la binadamu haliwezi kudanganywa juu ya sauti ya binadamu. Ukilinganisha vifaa viwili, hakikisha vinapiga kwa kiwango kimoja. Chenye sauti kubwa kidogo siku zote huonekana kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo.

Mtumba si aibu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi kuna risiva kutoka Uingereza na Dubai ambazo bado zina uhai mrefu. Lakini jaribu kila chaneli, si mbili za mbele peke yake. Jaribu kila tundu la HDMI, kwa kuwa ndilo linalotangulia kufa, mara nyingi kwa radi iliyopitia waya wa dishi. Zungusha kitufe cha sauti usikilize kama kinakwaruza. Iache iwake nusu saa. Ikijizima yenyewe na kumulika taa nyekundu, iache. Weka pua kwenye matundu ya juu, harufu ya kuungua haifichiki. Tazama kama skrubu zina alama za bisibisi. Na uulize rimoti na kile kipaza sauti cha kupimia vipo. Cha kampuni nyingine hakitafaa badala yake.

Soma volti kabla ya kuchomeka. Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240, zote kwa hezi 50. Kifaa kutoka Uingereza, Oman au Dubai kitafaa. Cha Marekani ni cha volti 120, cha Japani ni 100. Ndugu zetu walioko Marekani hutuma vitu kwa mapenzi, na vitu hivyo huungua sekunde ya kwanza. Ukipata cha namna hiyo, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena yenye uwezo unaozidi kwa mbali matumizi ya risiva.

La sita, ilinde na umeme na joto. Umeme ukikatika, madhara huja unaporudi kwa kishindo. Weka kinga inayochelewesha kurudisha umeme mpaka utulie, ile ile aina wanayoweka watu kwenye friji. Radi ikianza, chomoa plagi, na chomoa waya wa dishi pia.

Kisha iache ipumue. Kapasita ndani ya risiva hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Najua mama wa nyumba atataka kuipamba kwa kitambaa cha kufuma na kuweka king'amuzi juu yake. Mwambie kwa upole kwamba yale matundu ya juu ndiyo pua yake. Acha nafasi ya shibiri nzima juu yake, usiifungie kwenye kabati la kioo. Mende nao hupenda joto lake, na mkojo wa mjusi hula mabodi; chumba kiwe safi. Kwa wanaoishi pwani, chumvi ya hewa hushika kwenye ncha za waya, hivyo mara moja kwa mwaka zifungue, zikwangue, zikaze upya.

La saba ni la adabu na afya. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Ukifika 90, umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima. Risiva ikiharibika nitakutengenezea. Sikio likiharibika hakuna fundi. Usiku, washa ile hali inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ili mnong'ono usikike na mlipuko usimwamshe jirani. Ukuta hauzuii besi, na jirani hakununua tiketi ya filamu yako. Adhana ikisikika, au msiba ukiwa mtaani, zima.

Mwisho, usinunue vyote siku moja. Mwaka huu nunua spika mbili za mbele ambazo utazipenda hata baada ya miaka kumi, na risiva ya kiasi yenye kipaza sauti cha kupimia. Usikilize muziki kwanza, uzizoee. Ukipata, ongeza ya katikati. Kisha sabufa. Kisha za pembeni. Kila kipande kikija, pima chumba upya. Mfumo uliojengwa hivyo utaujua kila kona, na hutaulipia deni.

Ukirudi dukani, muuzaji akikuuliza unataka chaneli ngapi, mtajie upana wa sebule yako, aina ya dari, na umbali wa sofa kutoka ukutani. Akijua la kukujibu, kaa naye, huyo anaijua kazi. Akirudia kukusomea wati za kwenye boksi, muage kwa heshima, nenda duka la pili. Mungu akujaalie nyumba yenye heri.